Mashindano Yalirudi, Kipindi Hakikurudi

Mtu aliyesoma shule ya msingi Tanzania miaka ya 1970 au 1980 alianza siku kwa mchakamchaka. Jua halijapanda, watoto wameshapanga mistari, kiongozi anaanzisha wimbo, wenzake wanaitikia huku miguu ikitimua vumbi la uwanja. Baada ya hapo ni paredi na kukaguliwa kucha. Zoezi lile lilinukia kambi ya jeshi, na si ajabu, maana drili ilikuwa mazoea ya shule za wakoloni. Hata hivyo lilikuwa na jambo moja ambalo historia ya michezo shuleni haijaweza kulirudia: mwenye mbio na mzito wa miguu wote walikimbia.

Njia ya pili ya michezo ilikuwa mashindano, UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Sifa zake zinajulikana, na vipaji vingi vilionekana humo. Lakini mashindano ni chekeche: shuleni wanachujwa, wilayani wanachujwa, mkoani tena, na kila hatua inaongeza washangiliaji. Taratibu neno "michezo" likaja kumaanisha chekeche hilo tu. Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 2000, Wizara ya Elimu ilipoyasimamisha mashindano hayo kwa hoja kwamba yanakula muda wa masomo, shule nyingi zilibaki karibu mikono mitupu. Kitu kinachotegemea mabasi, kambi na michango hufutika kwa tamko moja. Kipindi kilichozoeleka kwenye ratiba ya wiki kingekuwa kigumu zaidi kung'oa. Serikali ya awamu ya nne ikayarudisha, watu wakashangilia, na wengi wakadhani tatizo limekwisha. Mtaala wa mwaka 2005 nao ulikuwa umeleta somo la Haiba na Michezo kwa kila mtoto, jina zuri kabisa, ila halikuwemo kwenye mtihani wa darasa la saba. Mwalimu anayepimwa kwa ufaulu anajua kipindi cha namna hiyo akifanyie nini: chaki mkononi, hisabati ubaoni.

Mtu hawezi kumlaumu mwalimu huyo bila kuangalia darasa lake. Ada ya shule za msingi ilipofutwa, kisha Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza mwaka 2002, wanafunzi waliongezeka kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Madarasa yalihitajika haraka, na pale eneo lilipobana, uwanja ndio uliopungua. Hoja hii ina uzito. Ile ya muda haina. Huko Trois-Rivières, Quebec, kati ya mwaka 1970 na 1977, watoto wa shule ya msingi walipewa saa moja ya elimu ya viungo kila siku, na muda wa masomo mengine ukakatwa kwa takriban asilimia 14. Matokeo yao darasani hayakushuka. Kwa jumla yalipanda kidogo kuliko ya wenzao. Mtu atasema Quebec ilikuwa na walimu waliosomea kazi hiyo, na ni kweli. Lakini hilo linadai walimu waandaliwe, halidai kipindi kiuawe. Kuhusu vifaa, mchakamchaka haukuwahi kuhitaji hata kiatu.

Watoto wenyewe hawajasubiri mtaala. Kengele ya mapumziko ikilia, wasichana wanasokota soksi kuukuu na makaratasi, wanacheza rede nyuma ya madarasa. Wavulana wanaweka matofali mawili kuwa goli, chandimu inaanza. Mpira halisi wa shule upo ofisini kwa mwalimu mkuu, kabatini, umefungiwa hadi msimu wa UMITASHUMTA.