E. D. Hirsch: Kutoka Uhakiki hadi Mtaala

Mwalimu mwenzangu, yamkini umewahi kumpa mwanafunzi kifungu cha ufahamu, akakisoma kwa sauti bila kukwama, kisha akashindwa kukueleza kinahusu nini. Aghalabu tunamlaumu kwa uvivu. E. D. Hirsch, profesa wa Kiingereza nchini Marekani, alikumbana na hali iyo hiyo, nayo ikageuza mkondo wa kazi yake.

Hirsch alizaliwa mwaka wa 1928 mjini Memphis. Alisomea uzamifu katika Chuo Kikuu cha Yale, akafundisha huko, kisha akahamia Chuo Kikuu cha Virginia. Alianza kwa kuwahakiki washairi Wordsworth na Blake. Katika kitabu chake Validity in Interpretation cha mwaka wa 1967, alishikilia kwamba maana ya matini ni ile aliyoikusudia mwandishi. Wahakiki wengi walimpinga. (Mjadala wenyewe si mgeni kwetu, huzuka kila tunaposahihisha majibu ya fasihi.)

Angebaki papo hapo lau si majaribio ya usomaji aliyoyafanya katika miaka ya 1970. Wanafunzi wa chuo cha miaka miwili mjini Richmond, wengi wao Wamarekani Weusi, walisoma kifungu kuhusu urafiki vizuri tu, sawa na wenzao wa chuo kikuu. Walipopewa kifungu kuhusu majenerali Grant na Lee, waliokutana Lee aliposalimu amri mwaka wa 1865, wakakwama. Tanabahi kwamba Richmond ndio uliokuwa mji mkuu wa upande wa Lee katika vita hivyo! Kusoma walijua, walichokosa ni habari ambazo mwandishi alidhani kila msomaji anazo.

Tangu hapo Hirsch akaugeukia mtaala. Mwaka wa 1986 alianzisha wakfu wa kutetea maarifa ya msingi yafundishwe kwa mpangilio, darasa baada ya darasa. Mwaka uliofuata akachapisha Cultural Literacy, kitabu kilichonunuliwa sana. Mwishoni mwake kulikuwa na orodha ya mambo yapatayo 5,000, na ugomvi ukaanzia hapo. Wapinzani walidai orodha hiyo inawapendelea wanaume wazungu. Hirsch alijibu kwamba alirekodi tu yale ambayo magazeti na vitabu hudhani msomaji anayajua. Jibu hilo halinitoshi, kwa kuwa magazeti nayo huandikwa na wenye nafasi. Hata hivyo, hoja yake ya msingi haikutanguka: mtoto wa tajiri huokota maarifa haya nyumbani, ilhali wa maskini hutegemea shule pekee.

Nawe mtahiniwa, chukua tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Asiyejua Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 atayaona maji yakitajwa asitambue uzito wake. Mimi nilianza kutenga kipindi kimoja cha ramani na historia kabla ya kufungua tamthilia hiyo. Wanafunzi wakaacha kuniuliza maana ya maneno, wakaanza kubishana kama Kinjeketile alikosea.