Mstari Mmoja na Ncha ya Moyo: Kipimo cha Modi-M kwa Mtazamo wa Ngara na Biharamulo

Tarehe 29 Oktoba 1953, mjini Lund, Sweden, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walirekodi mwendo wa moyo wa binadamu kwa mwangwi wa mawimbi-sauti, wakitumia mashine ya Siemens iliyotengenezwa kukagua nyufa za vyuma. Mashine ilirusha mstari mmoja tu wa mawimbi, na mchoro wake ulionyesha jinsi kina cha kila tishu iliyokatwa na mstari huo kilivyobadilika kwa muda. Ndicho kipimo kilichokuja kuitwa modi-M.

Mwanzoni Edler alidhani kuwa mwangwi wenye kasi ulitoka kwenye ukuta wa atiria ya kushoto. Uchunguzi wa maiti ndio uliobainisha kuwa ulitoka kwenye kipande cha mbele cha vali ya mitrali. Kwa mtu mzima wa afya, kipande hicho huchora umbo la herufi M. Vali ikigandishwa na makovu ya homa ya baridi yabisi, hujifunga polepole na vipande vyake viwili huelekea upande mmoja. Mstari huohuo hupima unene wa misuli na kiasi ambacho chemba husinyaa kwa kila pigo.

Uhodari huo, hata hivyo, una upofu unaoihusu Kagera ya magharibi. Mwaka 1948, J. N. P. Davies wa Mulago, Kampala, alieleza ugonjwa wa makovu yanayoziba chemba za moyo kuanzia nchani. Utafiti wa Mulago wa miaka ya 1960 ulionyesha kuwa wahamiaji kutoka Rwanda na Burundi, nchi zinazopakana na Ngara, walikuwa wengi mno miongoni mwa wagonjwa. Mstari wa modi-M hupita katikati ya moyo; ncha huachwa. Aidha, makovu hayo hukishika kipande cha nyuma cha mitrali, damu ikavuja kama ivujavyo kwa mgonjwa wa baridi yabisi.

Bugando, hospitali ya rufaa iliyoko Mwanza, ilifunguliwa mwaka 1971, kabla picha za pande mbili hazijaenea duniani. Kwa hiyo, kumbukumbu ya zamani ya mgonjwa wa Ngara au Biharamulo inayotaja tu vali inayovuja haitoshi kumhesabu miongoni mwa wagonjwa wa baridi yabisi.