Simba ya Vyumba 52

Stori unaijua. Mzungu tajiri alimpenda mrembo, akamjengea nyumba. Mrembo akaja, akaitazama, akasema ni ndogo kama kibanda cha kuku. Jamaa akajenga kasri. Mrembo akakataa tena. Kuanzia hapo, eti, mwanamke yeyote akipigwa marufuku kukanyaga pale. Ukitembelea Njoro leo utasimuliwa hivyo, na watu hucheka palepale penye kibanda cha kuku.

Tuache mrembo kwanza. Maurice Egerton alizaliwa mwaka wa 1874 katika ukoo uliomiliki Tatton Park, Cheshire, Uingereza: jumba lenye nguzo za mawe mbele, bustani, ziwa na kundi la kulungu. Mwaka wa 1910 alikuwa miongoni mwa Waingereza wa kwanza kabisa kupata leseni ya urubani. Mwaka wa 1920 alirithi Tatton yote. Mtu mwenye nyumba kama hiyo anatafuta nini Njoro? Lakini alikuja, akalima, na mwaka wa 1938 ujenzi wa kasri ukaanza. Vita vikausimamisha. Lilikamilika mwaka wa 1954, vyumba 52, mtu mmoja. Alifariki mwaka wa 1958 bila mke wala mtoto, cheo cha ukoo kikafa naye, na Tatton ikaachiwa shirika la National Trust. Hesabu mwenyewe: miaka minne ndani ya kasri.

Sasa, kwetu Awendo mzee yeyote angekuuliza swali moja tu: huyo mtu alikuwa na dala? Mjaluo haanzishi boma peke yake. Kuna mke na moto wake, mwana wa kwanza wa kiume, jogoo, shoka, na baba au amu wa kusimamia. Kijana asiye na mke hulala kwenye simba, kibanda chake ndani ya boma la babake. Kwa sheria hiyo, Lord Egerton alijenga simba kubwa kuliko zote Kenya, tena mbali mno na boma la babake.

Na hapo ndipo stori ya mrembo inaponiudhi. Ni tamu, lakini inafunika ardhi. Kwa mkataba wa 1904 Wamaasai walihamishwa kutoka Bonde la Ufa, wengi wakapelekwa Laikipia, kisha kuanzia 1911 wakahamishwa tena kusini. Huko Njoro, Lord Delamere alikuwa tayari amepewa ekari 100,000 mwaka wa 1903. Nyanda zile zikawa za Wazungu kisheria; Mwafrika aliruhusiwa kama kibarua. Yaani tunamhurumia mtu aliyekataliwa na mwanamke mmoja, ilhali waliofukuzwa malishoni hawaingii kwenye simulizi hata kwa sentensi moja. Wala waliobeba mawe.

Haki yake nayo nimpe. Mwaka wa 1939 alitoa ekari 740 kwa shule ya kilimo. Ilikuwa ya vijana Wazungu, ndiyo, lakini baadaye ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote, na tangu 1987 ni Chuo Kikuu cha Egerton. Mimi niliacha chuo kingine kabla ya kumaliza, kwa hivyo sina haraka ya kudharau mtu aliyejenga darasa.

Kama ni mawe, tunayo pia. Thimlich Ohinga, hukuhuku Migori, ina kuta zilizopangwa bila saruji wala udongo karibu miaka 500 iliyopita, na UNESCO iliiandikisha kuwa urithi wa dunia mwaka wa 2018. Ndani yake ziliishi familia, ng'ombe na wahunzi. Malango ni mafupi, unaingia umeinama.

Kasri la Njoro siku hizi hukodishwa kwa harusi. Bibi harusi huingia na shela lake, na wasimamizi wake, na mama zao, na shangazi wote, wakijipanga mbele ya kasri kupigwa picha.