Kutoka Shoka hadi Isotopu: Vita vya Watanzania Dhidi ya Mbung'o

Msafiri atokaye mjini Geita kwa barabara iendayo Biharamulo hupita Katoro. Hapo huona maduka yaliyosongamana, soko lenye pilikapilika, na wachimbaji wa dhahabu wakitafuta mahitaji yao. Ni vigumu kwa kijana wa leo kuamini kwamba sehemu kubwa ya nchi hii ya magharibi ya Geita ilikuwa zamani pori la mbung'o, mdudu ambaye wengi humwita ndorobo. Katika pori la namna hiyo ng'ombe hufa kwa nagana, na binadamu huwa katika hatari ya malale. Makala haya yanaeleza jinsi watu wetu walivyopambana na mdudu huyo, kwanza kwa shoka na moto, na hatimaye, katika kisiwa cha Unguja, kwa nguvu itokayo ndani ya kiini cha atomu.

Yafaa kwanza kufahamu kwamba pori hilo halikuwa kubwa hivyo tangu mwanzo. Katika miaka ya 1890 sotoka iliangamiza ng'ombe katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Njaa na maradhi vikafuata, watu wakapungua, na malisho yasiyo na mifugo yakageuka vichaka. Mbung'o, apendaye kivuli, akasonga mbele na kutwaa ardhi iliyoachwa. Mwaka 1922 malale yalizuka Maswa, na serikali ya kikoloni ikatambua kwamba haiwezi kuendelea kulipuuza jambo hilo.

Shinyanga ndiyo iliyokuwa makao ya utafiti wa mbung'o katika Tanganyika. Utafiti huo uliongozwa na C. F. M. Swynnerton, ambaye jina lake limebaki katika jina la kisayansi la aina mojawapo ya mbung'o wa Usukumani, Glossina swynnertoni. Lakini vitabu visitufanye tuwasahau walioshika shoka. Waliokata vichaka na kuchoma nyasi walikuwa Wasukuma kwa maelfu, walioitwa na watemi wao kufanya kazi ya pamoja kama ilivyokuwa desturi yao ya kulima. Mbung'o alipokosa kivuli alikufa au alihama. Baada ya mwaka 1947, chini ya mpango wa maendeleo ya Usukuma, njia hiyo hiyo ilitumika kufungua ardhi ya Geita kwa familia zilizobanwa na uhaba wa mashamba na malisho.

Ushindi huo ulikuwa na gharama yake. Miti iliyokatwa ili kumfukuza mbung'o, pamoja na ile iliyokatwa kwa ajili ya pamba na kuni, iliacha sehemu nyingi za Shinyanga zikiwa uwanda mtupu. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ili kuurudisha uoto kwa kufufua desturi ya ngitili, yaani malisho yaliyotengwa na kulindwa. Hivyo kizazi kimoja kilikata miti ili kipone, na kizazi kingine kikalazimika kuihifadhi ili kiishi. Je, hapakuwa na njia ya kumwondoa mdudu bila kuondoa mti?

Mbegu ya jibu ilipandwa Shinyanga penyewe. Katika miaka ya 1940 mtafiti F. L. Vanderplank aligundua kwamba mbung'o wa aina mbili tofauti wakipandana, uzao wao huwa mdogo, na wachache wazaliwao huwa tasa au karibu ya tasa. Basi akachukua pupa wa aina moja zaidi ya 100,000, yaani wadudu walio bado ndani ya ganda, akawapeleka katika pori lililotawaliwa na Glossina swynnertoni. Wenyeji wa pori hilo walipungua hadi wakatoweka. Wageni nao hawakuweza kudumu katika nchi kavu kama ile. Wahenga walinena kwamba dawa ya moto ni moto; hapa mbung'o aliangamizwa na mbung'o.

Kilichokosekana ni njia rahisi ya kuwafanya wadudu wengi kuwa tasa, nayo ilitoka katika elimu ya atomu. Atomu za elementi moja huweza kutofautiana kwa uzito, na hizo huitwa isotopu. Kobalti ya kawaida ni tulivu. Kobalti 60, ambayo hutengenezwa katika tanuri la nyuklia, haitulii: hutoa miali ya gama, na kila baada ya miaka 5 na robo hivi nguvu yake hupungua kwa nusu. Miali hiyo huharibu zaidi chembe za mwili zinazogawanyika kwa kasi. Kwa sababu hiyo kobalti 60 imetumika kutibu saratani, kama ilivyotumika katika hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam. Kwa sababu iyo hiyo, mdudu apewapo kipimo sahihi hupoteza uzazi lakini hubaki na nguvu za kuruka na kutafuta jike. Wala yeye mwenyewe habaki na miali mwilini. Huko Marekani, E. F. Knipling na wenzake walilitumia wazo hilo dhidi ya inzi wa funza wa vidonda, na mwaka 1954 wakamtokomeza katika kisiwa cha Curaçao.

Miaka arobaini baadaye zamu yetu ilifika. Unguja ilikuwa na aina moja tu ya mbung'o, Glossina austeni. Kwanza idadi yake ilipunguzwa kwa dawa iliyopakwa ng'ombe na kwa vitambaa vyenye sumu. Kisha, katika kituo cha utafiti cha Tanga, mbung'o walifugwa kwa maelfu wakinyweshwa damu kupitia utando, na madume wakapigwa miali ya gama. Kati ya mwaka 1994 na 1997 madume tasa zaidi ya milioni 8 walimwagwa kisiwani kwa ndege ndogo. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja na kuitunza mbegu hiyo maishani. Akipata dume tasa, hazai kamwe. Sumu huwa na kazi ngumu zaidi wadudu wanapobaki wachache mafichoni, lakini dume tasa humtafuta jike mwenyewe, na kadiri majike wanavyopungua ndivyo kazi yake inavyozidi kufaulu. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwezi wa Septemba 1996. Misitu ya Unguja haikukatwa kwa ajili ya kazi hiyo.

Hata hivyo tusidhani kwamba isotopu ni dawa ya kila mahali. Unguja imezungukwa na bahari, na mdudu aliyeondolewa hakuwa na njia nyepesi ya kurudi. Bara ni pana, na mapori ya hifadhi ya magharibi ya nchi yetu bado yana mbung'o. Huko huhitajika mitego, dawa za mifugo, na mpango mzuri wa matumizi ya ardhi.

Mwanafunzi wa Katoro anapofundishwa habari za atomu, asidhani kwamba anasoma mambo ya nchi za mbali tu. Wazo la kumshinda mbung'o kwa utasa lilijaribiwa katika mapori ya Shinyanga, na ardhi anayoikanyaga ilifunguliwa kwa jasho la watu ambao majina yao hayakuandikwa. Wazee waliosimuliwa habari hizo na wazazi wao wanazidi kupungua. Ni wajibu wa walimu kuwatuma vijana wakawaulize na kuziandika, kabla historia hiyo haijapotea pamoja nao.