Unasaji wa Ukaa, Wala Si Ukamataji

Istilahi "ukamataji wa kaboni", iliyozagaa katika ripoti za tabianchi, ni tafsiri ya neno isiyoitazama kazi yenyewe. Kitenzi kamata kimetokana na kama, yaani kubana kwa vidole kama afanyavyo akamaye ng'ombe, kikaongezwa -ta ya mgusano iliyomo pia katika fumbata na pakata. Kwa hiyo ukamataji hudai mkono unaobana, na ndiyo maana humfaa askari aliyemfuma mwizi.

Gesi haishikwi hivyo. Katika mtambo wa Boundary Dam nchini Kanada, ulioanza kuinasa mwaka 2014, moshi wa makaa ya mawe hupitishwa katika kimiminika chenye amini, kemikali za ukoo wa amonia, ambazo hugandana na hewa ukaa kama ulimbo na ndege, kisha kimiminika hupashwa moto hadi kiiachie hewa hiyo na kurudishwa kunasa upya. Kiswahili kilikwisha kuwa na jozi ya kazi hizo mbili, nasa na nasua, kwa mnyambuliko uleule wa ziba na zibua, tega na tegua. Huenda ikasemwa kuwa "unasaji" ni neno la wawinda ndege, kana kwamba uwindaji si ufundi. Ukaa nalo limezaliwa na makaa, maana ileile ya carbo ya Kilatini iliyozaa kaboni, hivyo hapakuwa na haja ya kukopa kilichomo ghalani.

Wenye matumaini na teknolojia hii hutaja mradi wa Sleipner nchini Norwei, ambako tangu mwaka 1996 ukaa, kwa miaka mingi takribani tani milioni 1 kwa mwaka, umeshindiliwa chini ya sakafu ya bahari. Wenye shaka hujibu kwamba matumizi ya nishati duniani hutoa zaidi ya tani bilioni 35 kila mwaka, na kwamba Boundary Dam imeshindwa mara nyingi kufikia lengo lake la tani milioni 1. "Ukamataji" huwapendelea wa kwanza, kwa kuwa aliyekamatwa huhesabiwa amekwisha kupatikana, ilhali "unasaji" huwatendea haki wote, kwa kuwa kilichonasa huweza kunasuka.

Katika matumizi husemwa mtambo wa kunasa ukaa, ukaa ulionaswa na kiwango cha unasaji. Ukamataji na urudishwe kituo cha polisi.