Mkonge Wetu: Swali la Biolojia Lenye Jibu katika Historia

Kila aliyesoma Korogwe au Handeni ameyapita mashamba ya mkonge. Mistari yake imenyooka, na mche mmoja hauna tofauti na mwenziwe. Mwanafunzi wa Biolojia hana budi kujiuliza: kwa nini mikonge inafanana hivi, hali mahindi ya shamba moja hutofautiana?

Asili ya mkonge ni Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dk. Richard Hindorf, aliagiza vikonyo 1,000 kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu, kwa njia ya Hamburg. Vingi vilikufa, vikabaki 62 tu, navyo vikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Ilipofika mwaka 1898 miche ilikuwa imefikia 63,000 hivi. Reli ya kutoka Tanga iliingia Korogwe mwaka 1902, na mashamba yakaifuata.

Je, mimea 62 iliwezaje kuzaa maelfu? Mkonge huchanua mara moja tu maishani, kisha hufa. Kabla ya kufa hutoa mlingoti mrefu, na maua yakishaanguka huota juu yake vikonyo vingi, kila kimoja mche kamili. Mbegu ni nadra kupatikana. Basi kikonyo hakina baba. Ni kipande cha mwili wa mama yake. Ukiupanda mkonge leo, unaendeleza mwili uleule wa Kikogwe.

Jambo hili lina faida. Majani huwa ya aina moja, na singa zitokazo katika korona hulingana. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000. Manamba walitoka mikoa ya mbali kuja kukata mkonge, na wengi wetu tulinunuliwa madaftari kwa ujira huo. Baadaye kamba za nailoni na plastiki ziliangusha bei, na mashamba mengi yakarudi pori.

Lakini kufanana kuna hatari yake pia. Watafiti wa Mlingano, wilayani Muheza, waliuzalisha mkonge wa buluu uliokutwa Amani pamoja na jamaa yake mwingine, wakapata chotara aitwaye 11648. Mkonge wa zamani hutoa majani kama 250 maishani mwake. Chotara huweza kutoa 600. Hata Wachina wameupanda. Hata hivyo, chotara huyo naye huendelezwa kwa vikonyo, na ukaja ugonjwa wa madoa ya majani ambao wataalamu wameuita kwa jina la Korogwe. Ugonjwa ukiweza kuuingia mkonge mmoja, umeweza kuingia shamba zima, maana hakuna aliye tofauti wa kuukataa. Na kwa kuwa yote inataka chakula kimoja, hasa chokaa, udongo huchoka upesi usiporudishiwa.

Wanafunzi mlioko darasani sasa, msiikariri sura ya uzazi wa mimea kwa ajili ya mtihani tu. Nendeni shambani mkatazame majani, kisha mjiulize: kama mkulima wa jirani amepanda mbegu ya aina moja tu, ataokoa nini siku ugonjwa ukibisha hodi? Babu zetu walichanganya mtama, mahindi na kunde katika shamba moja. Hawakusoma Biolojia, lakini jibu walikuwa nalo.