Kidole cha mtoto na kioo: kutoka Wonchi hadi Biwi na Tanga

Mwaka 2023 serikali ya Sweden ilitangaza kwamba inarudisha vitabu vya karatasi darasani na kupunguza skrini kwa watoto wadogo. Julai mwaka huohuo UNESCO ikatoa ripoti yake ya elimu duniani, ikaonya kuwa vifaa vya kidijitali vinaingizwa shuleni kwa kasi kuliko ushahidi wa faida zake. Habari hizo zilifika huku kwetu, na wapo waliozipokea kana kwamba Lilongwe na Stockholm zina darasa la aina moja. Mtoto wa Malawi anayekaa sakafuni na wenzake zaidi ya 100 mbele ya mwalimu mmoja hana vitabu vya kurudishiwa, kwa sababu hakuwahi kuwa navyo. Historia yake na kioo cha kugusa ni nyingine, na sehemu kubwa ya ushahidi wake ilikusanywa kwa Kichewa na kwa Kiswahili.

Chimbuko lenyewe si refu kulisimulia. Mhandisi Mwingereza E. A. Johnson alieleza kioo cha kugusa mwaka 1965, akiwafikiria waongoza ndege. Mwaka 1972 mtambo wa kufundishia wa PLATO IV, wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, ulikuwa na skrini iliyozungushiwa miali 16 kwa 16 isiyoonekana, na mwanafunzi alijibu swali kwa kunyoosha kidole. Yaani kioo hiki kilifika darasani miaka mingi kabla ya kuingia mfukoni. iPhone ilikuja 2007, mwaka uleule M-Pesa ilipoanza Kenya kwenye simu za kubonyeza vitufe. iPad ikafuata 2010.

Kioo cha siku hizi kina utando mwembamba unaopitisha umeme. Mwili wa binadamu nao hupitisha umeme, kwa hiyo ncha ya kidole inapogusa, chaji ya mahali pale hubadilika na mashine ikajua ni wapi. Ukucha hautambuliwi, kijiti hakitambuliwi, na kidole kilichotoka kwenye ndoo ya maji hukivuruga. Lakini kidole kikavu cha mtoto wa miaka sita kinatosha. Hahitaji kujua kibodi wala kujifunza kuongoza mshale kwa kipanya kilicho mbali na macho yake. Anapopaswa kuandika herufi, anaifuatisha kwa kidole palepale inapoonekana, na akitoka nje ya mstari anarudishwa aanze upya.

Mwaka 2012 Nicholas Negroponte, mwanzilishi wa mradi wa One Laptop per Child, alitangaza habari iliyotikisa dunia ya elimu. Vijiji viwili vya Ethiopia, Wonchi na Wolonchete, vilikuwa vimepelekewa vishikwambi vya Motorola Xoom, kwa watoto wapatao 20 kila kijiji. Maboksi yaliachwa yamefungwa, bila mwalimu wala maelekezo. Negroponte alisimulia kwamba katika dakika nne tu mtoto mmoja alikuwa amefungua boksi, ametafuta swichi na kuwasha kishikwambi. Katika wiki mbili watoto walikuwa wakiimba alfabeti ya Kiingereza. Baada ya miezi mitano walikuwa wameshapita kufuli za programu na kuiwasha kamera iliyozimwa na waliowaletea.

Simulizi hilo lilizunguka magazeti yote, na ugomvi ukaanza. Waliolishangilia waliona mwisho wa uhaba wa walimu umekaribia: peleka kioo kijijini, udadisi wa mtoto utafanya yaliyobaki. Waliolipinga waliuliza maswali ya maana. Kuwasha kamera kunahusiana vipi na kusoma? Kundi la kulinganisha liko wapi? Na kijiji hakikuwa peke yake kama ilivyosemwa, maana watu wazima walifundishwa kuchaji kwa umeme wa jua na fundi alipita kila wiki kubadilisha kadi za kumbukumbu ili watafiti waone kila mguso. Programu zenyewe zilikuwa za Kiingereza, lugha isiyozungumzwa nyumbani kwa watoto hao. Watu wa mradi walikiri kwamba ingehitajika miaka zaidi kupata matokeo ambayo wanasayansi wangeyakubali.

Miongoni mwa waliofuatilia majaribio hayo alikuwa Cynthia Breazeal wa MIT, mwanamke aliyetengeneza Kismet, roboti ya uso iliyoonyesha hisia, kisha Huggable, dubu wa manyoya mwenye ngozi ya vihisio anayetambua anapokumbatiwa au kutekenywa. Swali la maabara yake na la Wonchi lilikuwa moja: mashine inayojibu mguso inaweza kumvuta mtoto hadi ajifunze? Wonchi ilionyesha kwamba inamvuta. Kama anajifunza, swali hilo halikujibiwa pale.

Jibu la kwanza lenye mizani lilitoka Lilongwe. Hapa ninafuata zaidi maandishi ya Nicola Pitchford, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Nottingham, aliyefanya utafiti wake katika Shule ya Msingi ya Biwi mwaka 2013 na kuuchapisha 2015. Programu ilikuwa ya onebillion, shirika la Uingereza la Andrew Ashe na Jamie Stuart, na hesabu zake zilifundishwa kwa Kichewa. Watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu waligawanywa makundi matatu kwa wiki nane. Kundi moja lilipata vishikwambi vya hesabu. La pili lilipata vishikwambi vilevile, lakini vya mambo mengine. La tatu liliendelea na mwalimu kama kawaida. Kundi la pili ndilo linaloupa utafiti huu nguvu, kwa sababu linatenganisha furaha ya kugusa kioo na somo lililomo ndani yake. Waliopata hesabu kwenye vishikwambi ndio waliopiga hatua kubwa. Mwisho wa kila mada palikuwa na jaribio, na mtoto hakupata cheti mpaka apate yote. Akikosa, alirudia bila kuchekwa na darasa zima.

Utafiti mwingine wa Pitchford na wenzake Malawi, uliotoka 2019, unastahili kujulikana zaidi. Kwa ufundishaji wa kawaida, wavulana wa darasa la kwanza waliwaacha wasichana katika hesabu kabla mwaka haujaisha. Kwa vishikwambi, wasichana hawakuachwa.

Kisha ikaja Tanga. Shindano la Global Learning XPRIZE la kubuni programu za watoto kujifunzia, lenye dola milioni 15, lilitangazwa 2014, na timu tano zilizobaki zilipelekwa kupimwa katika vijiji karibu 170 vya mkoa huo kuanzia mwishoni mwa 2017, serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani wakisimamia. Kipimo kilikuwa kwa Kiswahili. Google ilitoa vishikwambi vya Pixel C, vikachajiwa kwa jua. Kati ya watoto karibu 3,000, asilimia 74 walisemekana hawajawahi kukanyaga shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma neno hata moja. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilishuka hadi nusu. Mei 15, 2019, mjini Los Angeles, onebillion na Kitkit School, iliyoanzishwa na Sooinn Lee, zilitangazwa washindi pamoja, kila mmoja akipata dola milioni 5.

Ni fahari kubwa kwa lugha yetu, nasi tumeisahau. Baada ya Sensa ya 2022 Tanzania ilipeleka kwa walimu vishikwambi vilivyotumika katika sensa hiyo, jambo jema. Mijadala iliyofuata ilihusu ripoti na maandalio ya somo, na sikusikia mtu akiwataja watoto wa Tanga waliopimwa mbele ya dunia. Malawi imekwenda mbali zaidi: kupitia mpango wa BEFIT inataka kuzifikia kwa vishikwambi shule zote za msingi za serikali, darasa la kwanza hadi la nne.

Kilomita 45 hivi kutoka Biwi, wilayani Dowa, iko Dzaleka. Ilikuwa gereza la zama za Banda, rais wa kwanza wa Malawi, ikawa makazi ya wakimbizi mwaka 1994, mwaka uleule Malawi ilipofuta ada ya shule za msingi. Ilikusudiwa watu wapatao 10,000, leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni na ibadani. Watoto wao wanafuata mtaala wa Malawi. Sharti la shindano la XPRIZE lilikuwa kwamba timu zote tano za mwisho ziweke msimbo wa programu zao wazi, bure kwa yeyote, na kila moja ilikuwa imetayarisha masomo yake kwa Kiswahili. Wizara ya Elimu ya Malawi, UNHCR na wabia wa BEFIT hawana cha kubuni upya. Wanaweza kuweka toleo la Kiswahili kando ya lile la Kichewa katika shule za Dzaleka, na kumwachia mtoto wa darasa la kwanza achague pa kuanzia.